Kinu cha Kukausha, Pampu ya Kuteka

Nyanda za Athi na Kapiti zina upepo, uwazi na ng'ombe wenye kiu, basi haishangazi kwamba pampu ya upepo inayotumika kwenye nchi kame ya Kenya imeundwa jirani tu, Thika. Kiwanda cha Bobs Harries kilianza kuunda pampu hiyo, iitwayo Kijito, miaka ya 1970 ikielekea mwisho, kwa ubunifu wa shirika la ITDG la Uingereza. Umbo lake halifanani hata kidogo na vinu vya Uholanzi, na sababu ni kazi.

Mholanzi ana maji tele asiyoyataka. Kule Kinderdijk vinu 19, vingi vya 1738 hadi 1740, viliyainua kutoka mashamba yaliyo chini na kuyamwaga katika bwawa la akiba, yasubiri mto ushuke. Kimo ni kidogo, mara nyingi mita moja na nusu hivi. Mabawa manne marefu huzungusha gurudumu la kuchota. Likizunguka polepole, mzigo nao hupungua. Mwendesha kinu anaishi humo humo: hugeuza kofia ya kinu kwa mkono, hukunja turubai dhoruba ikija.

Mfugaji wa Athi River maji yake yako kisimani, pengine mita 100 chini. Nguvu inayoinua lita 1,000 kule Kinderdijk ingemtolea yeye lita 15. Tena pistoni ya pampu inabeba uzito wa safu nzima ya maji tangu mzunguko wa kwanza, hata upepo ukiwa dhaifu. Ndiyo maana Kijito kina mapanga mengi: hakihitaji mbio, kinahitaji nguvu ya kuanzia. Na hakuna mtu wa kukilinda usiku. Mkia hukielekeza kwenye upepo, na upepo ukizidi hukigeuza ubavu.

Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane, na upepo ukitulia maji hukoma, hivyo tangi kubwa la kuyahifadhi ni sehemu ya mtambo, si pambo.

Je, katika mafuriko ya Aprili 2024, mto Athi ulipoingia mitaani, kinu cha Kiholanzi kingesaidia? Kwanza mngehitaji tuta linalouzuia mto. Uholanzi ilijenga tuta, ndipo ikaweka kinu. Bila hilo, maji yanayomwagwa upande mmoja yanarudi kwa upande mwingine.