WADAU, TOKENI KWENYE OTO: KAMERA HAIJUI SURA YA MTU

Leo naomba tuongelee kamera, zile kubwa za kidijitali za kubadilisha lenzi. Vijana wengi wanazinunua za mtumba, wanaingia nazo kwenye harusi, kipaimara na sendoff, halafu wanaziacha kwenye oto mwanzo mwisho. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilianzia hapo hapo, na nilichemsha vibaya sana.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu. Kamera nimeazima, sifa nimejipa mwenyewe. Nikapiga picha zaidi ya 600 usiku ule, nikarudi nyumbani natembea kama bosi. Kesho yake nafungua kwenye kompyuta... lahaula! Gauni la bibi harusi linaonekana mpaka nakshi zake, lakini bwana harusi ni meno na macho tu. Babu yetu alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima kutoka kijijini. Nilimpiga picha moja tu, amekaa katikati ya maharusi anawapa nasaha. Uso wake ulikuwa kivuli kitupu.

Mwaka uliofuata babu akafariki. Familia ikatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, ikabidi ichukuliwe ile ndogo ya kitambulisho, ikakuzwa mpaka ikawa madoadoa. Mama mkubwa akaniuliza taratibu tu: "Mwanangu, si ulikuwa na kamera kubwa siku ile?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo hili.

KAMERA INAWAZA KIJIVU

Ndani ya kamera kuna kipima mwanga. Hiki hakimwoni babu wala bibi harusi. Kinachoona ni mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na kimetengenezwa kuamini kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yako unapata kijivu cha kati, pale katikati ya nyeusi na nyeupe.

Sasa kielekeze kwenye gauni jeupe lililojaa kwenye picha. Kinaona mwanga umezidi, kinapunguza. Gauni linatulia, na sura nyeusi iliyo pembeni yake inazama gizani. Kielekeze kwenye suti nyeusi, kinaona mwanga hautoshi, kinaongeza. Suti inapauka, paji la uso linang'aa kama bati jipya. Mtu ni yule yule, taa ni zile zile, kilichobadilika ni nguo tu! Kamera za karibuni zinapima kwa akili zaidi, na nyingine zinatambua hata sura, lakini bado zinabahatisha.

Na tatizo la sura zetu kwenye picha halikuanza na kidijitali. Enzi za filamu, maabara nyingi za kusafisha picha zilipanga rangi zake kwa kutumia kadi ya Kodak iliyojulikana kama "Shirley", yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kusambazwa miaka ya 1990. Kwa hiyo picha za wazee wetu zilizotoka nyeusi tii sio kwamba wazee walikuwa hawapigiki. Kipimo kilikuwa cha mtu mwingine.

Wewe leo una bahati moja: kipimo unaweza kukishika mwenyewe.

VITU VITATU TU

Menyu ya kamera ina mambo mengi ya kutisha, lakini mwanga unaongozwa na vitu vitatu.

1. Tundu la lenzi. Linaandikwa kwa namba ya f: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukitoka namba moja kwenda inayofuata, mwanga unapungua nusu. Tundu kubwa pia linafanya nyuma ya mtu kuwe na ukungu ule mnaoupenda.

2. Kasi ya shata. 1/60, 1/125, 1/250 ya sekunde. Kila hatua hapo nayo inakata mwanga nusu. Ikiwa ya polepole, anayecheza anatoka kama moshi, na mkono wako ukitikisika picha nzima inaharibika.

3. ISO. 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. Kila hatua inafanya picha ing'ae mara mbili, lakini chengachenga zinaongezeka.

Sasa tupige hesabu ya ukumbini. Una lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55. Ukivuta mpaka 55, nyingi zinaishia f/5.6. Tuseme kwa ISO 400 kamera inakwambia shata iwe 1/15. Hapo hutoboi, binadamu hatulii kiasi hicho. Panda ISO mpaka 1600, hizo ni hatua mbili: 1/15 inakuwa 1/30, kisha 1/60. Panda mpaka 3200 unapata 1/125. Chengachenga zitakuwepo, lakini picha yenye chengachenga inaprintiwa na watu wanafurahi. Picha iliyotikisika ni ya kutupa.

Njia nyingine ni lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa Canon na kwa Nikon ni kati ya zile za bei nafuu kabisa. Ifungue f/2. Kutoka 5.6 kwenda 4, 2.8, 2 ni hatua tatu. Kwa ISO ile ile ya 400, 1/15 yako inakuwa 1/125. Kabla ya kufikiria bodi mpya, fikiria lenzi kwanza.

Ila angalizo: f/1.8 ukiwa karibu na mtu, jicho linakuwa kali na sikio lina ukungu. Kwa hiyo chagua pointi moja ya fokasi mwenyewe, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Na picha ya ukoo mzima, mistari miwili mitatu, usiipige kwa f/1.8, shangazi wa nyuma watakulaani. Nenda f/5.6 au f/8 na uongeze mwanga kwa njia nyingine.

M SIO UJIKO

Wengi wanadhani kuweka kamera kwenye M ni kujionyesha. Hapana. Nje mchana, jua linaingia na kutoka mawinguni, Av au A inatosha kabisa: wewe unachagua tundu, kamera inatafuta shata. Kwenye mpira tumia Tv au S, chagua 1/500 au zaidi, kamera itafute tundu.

Lakini ndani ya ukumbi taa hazibadiliki kila sekunde. Zinazobadilika ni nguo: mara gauni jeupe, mara suti nyeusi, mara kamati na sare zao za zambarau. Ukiwa kwenye Av kamera inayumba na kila nguo. Ukiwa kwenye M, ukishapata mwanga sahihi wa uso, unabaki hapo hapo hata apite nani. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Unaupataje? Fanya hivi kabla maharusi hawajaingia:

- Weka kipima mwanga kwenye "spot", yaani kipime kipande kidogo tu cha katikati. Kwenye baadhi ya kamera za Nikon kinafuata pointi ya fokasi uliyochagua.
- Mwombe mshikaji asimame pale maharusi watakapokaa. Pima usoni kwake.
- Kumbuka kamera inataka kuugeuza uso huo kuwa kijivu cha kati. Kama ngozi yake ni nyeusi kuliko hapo, kamera itaungarisha kupita kiasi. Kwa hiyo shusha kidogo: mshale wa kipimo uwe kwenye -2/3 au -1. Kwa mtu wa maji ya kunde, acha sifuri au -1/3.
- Piga moja, fungua histogramu na taa za onyo, zile sehemu zinazopepesa zikiungua kwa mwanga. Ncha ya kola ikipepesa sio kesi. Paji la uso likipepesa, shusha tena.

Kuna atakayeuliza, mbona wengine wanasema gauni jeupe uongeze +1? Wote tuko sahihi. Wao wanapima fremu nzima, gauni limejaa, kamera imepunguza mwanga, hivyo wanaurudisha kwa kitufe chenye alama ya +/-. Mimi napima uso peke yake. Njia mbili, safari moja. Usizichanganye tu, maana utaongeza palipokuwa pa kupunguza.

MITEGO YA UKUMBINI

Taa. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa 1/250 unaweza kukuta mstari wa giza au wa njano umekatiza picha. Kama hakuna anayerukaruka, shuka 1/100 au hata 1/50, mistari mingi itapotea.

Flashi. Kamera nyingi za aina hii zina kikomo cha shata unapotumia flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250. Kwa flashi ya kawaida, ukizidisha hapo, kipande cha picha kinatoka cheusi. Na usimwelekezee mtu flashi usoni moja kwa moja, anang'aa pua na ukuta wa nyuma unapotea. Inua kichwa cha flashi kipige dari, mwanga urudi taratibu. Lakini angalia dari kwanza! Kama wapambaji wamefunika kote kwa vitambaa vya zambarau, na maharusi wako watakuwa zambarau. Hapo tafuta ukuta mweupe wa pembeni.

Rangi. Balbu za njano zinampaka kila mtu manjano. Kama kamera yako ina chaguo la kelvini, anza na 3200 chini ya balbu hizo, na karibu 5500 kwenye jua la mchana. Au piga picha karatasi nyeupe chini ya taa hizo uiambie kamera "hii ndiyo nyeupe". Kazi ya dakika moja.

RAW. Hii ndiyo ingemwokoa babu. Faili la JPEG lina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Uso uliozama gizani ndani ya JPEG ukiuvuta unapata matope. Ndani ya RAW mara nyingi bado kuna mashavu, kuna mikunjo, kuna mtu. Hasara yake ni kwamba faili ni kubwa mara kadhaa na lazima upitishe kwenye programu kabla ya kuprinti. Kama memori kadi ni ndogo, piga RAW kwa zile za lazima tu: pete, wazazi, wazee. Keki inaweza kuwa JPEG. Ila RAW haiponyi picha iliyotikisika, wala sehemu iliyoungua kabisa.

ZOEZI LA WIKI HII

Usisubiri harusi ya mtu ndio ujifunzie humo. Mchukue rafiki yako, msimamishe kivulini mahali pamoja. Avae fulana nyeupe, umpige kifua na kichwa ukiwa kwenye P. Abadili avae nyeusi, piga tena. Halafu nenda M, pima uso wake, rudia zote mbili bila kugusa namba.

Chukua picha hizo nne kwenye flashi diski, nenda nazo hapo intaneti kafe. Kwenye Windows bofya picha kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, kisha Details. Utaona shata, tundu na ISO za kila picha zimeandikwa. Kwenye P namba zitakuwa zimeyumba kufuata fulana. Kwenye M zimesimama, na sura ya rafiki yako ni ile ile. Ukiliona hilo kwa macho yako, oto hutairudia kirahisi.

Siku hizi watengenezaji wakubwa wameelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kile kioo cha ndani, ndio maana hizi za zamani zinauzwa mtumba kwa bei ya kueleweka. Msidharau. Tundu, shata na ISO ni vile vile kwenye zote, na bodi ya miaka 15 iliyopita mikononi mwa anayejua inampiga chenga ya mwaka huu iliyoachwa kwenye oto.

La mwisho, wadau. Kwenye kila shughuli kuna mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, hana haraka, hakuombi umpige. Mfuate. Pima uso wake, sio ukuta wala kanzu yake. Piga tatu. Huwezi kujua ni lini familia itakuja kuiulizia picha hiyo.

Nawasilisha. Mwenye swali au aliyefanya zoezi atupie hapo chini, na aandike anatumia kamera gani na lenzi gani ili tusaidiane vizuri.