Kunde mbichi zisiozee jikoni: namna ya kuzitunza bila friji

Msimu wa kunde na maharage mabichi ukikolea, bei hushuka. Mzazi wa Buseresere, wilayani Chato, au wa Katoro hapo jirani, huona afadhali achukue ndoo nzima kuliko fungu. Lakini siku ya pili maganda yamenyauka, siku ya tatu yana utelezi, na nusu ya fedha ya mboga imeishia jalalani.

Hasara hiyo inaweza kupunguzwa, hata katika nyumba isiyo na umeme.

Kwa nini yanaharibika haraka?

Ganda likishachumwa bado lina uhai. Linaendelea kupumua, linatumia sukari yake, linatoa joto na kupoteza maji. Ukitumbukiza mkono katikati ya kiroba kilichofungwa kutwa nzima utakuta fukuto. Joto hilo huharakisha kuoza. Hewa kavu nayo hunyausha ganda, na maji yanayobaki juu yake huleta ukungu.

Anza shambani au sokoni

Anayelima achume asubuhi, umande ukishakauka, aache vikonyo, na aweke mavuno kivulini kwenye tenga au kikapu. Anayenunua akunje ganda moja: likivunjika kwa mlio, ni bichi. Likipinda tu, limekaa. Yenye matundu ya funza yaachwe.

Ukifika nyumbani

Usiyaoshe mpaka wakati wa kupika. Chambua yaliyochubuka, kwani moja lililooza huambukiza mengine. Tandaza yaliyobaki kwenye ungo au mkeka safi, tabaka jembamba, mahali penye kivuli na upepo. Usiyamenye mapema, maana ganda ndilo linalozuia punje zisikauke. Yaweke mbali na ndizi mbivu au mapapai. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayofanya maganda yawe ya njano.

Vyungu viwili

Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza njia rahisi ya kupoza mboga. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, katikati hujazwa mchanga, mchanga humwagiwa maji asubuhi na jioni, na juu hufunikwa kitambaa chenye unyevu. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama mwili unavyopoa jasho likikauka. Njia hii hufaa zaidi kiangazi. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu, hivyo chungu hakipoi sana; nunua kidogo, pika mapema.

Mwenye friji

Maharage machanga hupenda nyuzi joto 5 hadi 7, na hapo hukaa wiki moja au zaidi kidogo. Baridi ikizidi, maganda hupata madoa kama kutu. Ya kugandisha yachemshwe dakika tatu, yapozwe kwenye maji baridi, yakaushwe maji, ndipo yaingie kwenye friza.

Angalia chombo

Katika ukanda wa dhahabu, jambo hili lisipuuzwe. Karai au ndoo iliyotumika kuoshea dhahabu kwa zebaki isiwekewe chakula kamwe, hata ikisuguliwa kwa sabuni. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Chupa na madumu ya dawa za shambani vilevile yasiingie jikoni.

Maganda yenye utelezi, ukungu au harufu ya uchachu yatupwe. Kuyachemsha sana hakuyafanyi kuwa salama.

Na kwa mwenye shamba lake, ghala bora ni shina lenyewe. Achume ya kutosha siku mbili, mengine yakomae na kukauka shambani. Yakipukuchuliwa na kuanikwa vizuri, yatakuwa mboga ya miezi ijayo.