Bibi Akianguka, Usikimbilie Kumkanda!

"Bibi kateleza uani, hawezi kusimama." Umeshayasikia maneno haya? Mara nyingi anainuliwa, analazwa kitandani, kisha anaitwa mtu wa kukanda. Wiki zinapita, bibi bado yuko kitandani. Watu wanasema, "Ni uzee tu." Hapana, rafiki. Huenda nyonga imevunjika, na kuna sababu kwa nini haiungi yenyewe.

MFUPA UNA UHAI

Ukiuona mfupa kwenye sahani utadhani ni mkavu kama jiwe. Lakini ulio mwilini ni hai. Nje una ganda gumu. Ndani, karibu na viungo, umejaa vijiti vidogo vidogo vilivyopishana kama sifongo. Damu inauletea chakula na oksijeni, na mwili hubomoa mfupa uliochakaa na kujenga mpya.

Uzeeni, kubomoa kunazidi kujenga. Vijiti vinakonda na kukatika, ganda nalo linakuwa jembamba. Hali hii inaitwa osteoporosisi. Inawapata zaidi wanawake, kwa sababu hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua sana. Wanaume nao wanaipata. Haina maumivu, hivyo wengi huigundua siku wanapoanguka kidogo tu na kuvunjika.

DAMU INAPITIA WAPI?

Fupa la paja ndilo refu kuliko yote mwilini. Juu lina kichwa cha mviringo kama mpira, kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Chini ya kichwa kuna shingo.

Sasa angalia: mishipa mingi inayolisha kichwa huanzia chini, penye shina la shingo, halafu inapanda ikiwa imeshikamana na mfupa. Kuna mshipa mwingine unaoingilia juu, lakini kwa mtu mzima ni mdogo, mara nyingi hautoshi. Kwa hiyo shingo ikivunjika na vipande vikipishana, mishipa inakatika au inabanwa. Ni kama bomba la maji likipasuka njiani: nyumba ya mwisho haipati kitu. Kichwa kikikosa damu kinaweza kufa, na baadaye kubonyea.

Mfupa ukivunjika chini ya shingo, damu huwa ya kutosha na huunga vizuri zaidi. Hata hivyo, mara nyingi upasuaji unahitajika.

UFANYE NINI?

Mzee akianguka, akapata maumivu ya kinena, akashindwa kusimama, au mguu ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, usimkande wala usiuvute mguu. Utegemeze kwa mito, mumpeleke siku hiyo hiyo hospitali yenye eksirei. Madaktari wanaweza kuufunga mfupa kwa skrubu au kuweka kichwa bandia. Akilala wiki nyingi bila matibabu anaweza kupata vidonda, nimonia, au damu kuganda miguuni. Haya yanaweza kumuua.

NA WEWE JE?

Sehemu kubwa ya mfupa utakaoutegemea uzeeni unaijenga sasa, kabla ya kufika miaka 20. Kunywa maziwa au mtindi, kula dagaa na mifupa yao, pata jua, cheza mpira, ruka kamba. Sigara na pombe nyingi zinaila akiba hiyo. Na nyumbani, kausha sakafu ya bafu, ondoa vitu njiani, muwashie bibi taa usiku. Hayo hayahitaji daktari, yanakuhitaji wewe.