Tezi dume, homoni ya kiume na wanyama wa maabara: maana ya maneno "imepimwa kwa wanyama"

Miongoni mwa mateso yanayofichwa sana katika jumuiya zetu, kuanzia Kimamba na Dumila hadi Mikumi na Kidodi, limo hili la wazee wanaoamka mara nne au tano kila usiku kwenda kukojoa, na wakifika husimama muda mrefu wakingojea. Mzee hujinyima maji jioni, huahirisha safari ya basi kwenda Morogoro, kanisani huchagua benchi la mwisho karibu na mlango, wala hamwambii mtu, pengine hata mkewe. Wengine hufikishwa hospitali siku ambayo mkojo umekataa kabisa kutoka, na hapo huwekewa mpira kwa maumivu makubwa. Kabla ya siku hiyo, wengi wao wamekwisha kununua chupa za dawa stendi au mnadani, na muuzaji amewahakikishia kwamba dawa yake imepimwa kwa wanyama, kwamba inasinyaza tezi dume, na papo hapo inaongeza homoni ya kiume.

Tumeona vema kuyapima maneno hayo. Je, mnyama aweza kutufundisha nini kuhusu tezi dume ya mwanadamu? Na je, Kanisa linaruhusu mnyama kutumiwa hivyo?

Tezi dume hukaa chini ya kibofu cha mkojo, ikiuzunguka mrija unaotoa mkojo nje. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Uchunguzi wa miili ya marehemu umeonyesha kuwa takribani nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60 wana dalili za kukua kwa tezi hiyo, na kadiri umri unavyosogea ndivyo idadi inavyoongezeka. Ukuaji huo wenyewe si saratani, ingawa mtu mmoja aweza kupatwa na yote mawili.

Wafugaji wa Kilosa wanalijua jambo la msingi la elimu hii kabla ya kitabu chochote. Dume la ng'ombe likihasiwa lingali changa huwa maksai: nundu haiwi kubwa kama ya fahali, shingo hainenepi, ukali hupungua. Lililowashughulisha wataalamu ni kujua ni kitu gani kinachotoka katika korodani hata kikaufikia mwili mzima. Mwaka 1849, huko Göttingen nchini Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga, kisha baadhi yao akawapandikizia korodani tumboni, mahali pasipo pake. Hao waliopandikizwa wakaota undu mwekundu, wakawika na kupigana kama majogoo wengine, ilhali waliobaki bila korodani hawakufanya hivyo. Ikawa wazi kwamba kipo kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka 1935 kitu hicho kilipatikana kikiwa safi, kutoka katika korodani za mafahali, kikapewa jina la testosteroni.

Mbwa ndiye aliyefungua mlango wa tezi dume. Yeye ni mmoja wa wanyama wachache ambao tezi hiyo hukua yenyewe wanapozeeka, kama kwa mwanadamu. Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba mbwa akihasiwa, tezi yake husinyaa na kukauka, na akipewa testosteroni hurudi katika hali yake. Mwaka 1941 yeye na wenzake walionyesha kwamba saratani ya tezi dume kwa wanaume nayo hurudi nyuma homoni hiyo inapoondolewa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wapo wanaume wengi waliokwisha kuongezewa miaka ya kuishi kwa sababu ya mbwa wale, na si haki kulisahau hilo.

Hata hivyo mbwa si mtu. Tezi ya mbwa hukua kuelekea nje na kuubana utumbo mpana, hivyo mbwa mzee hupata taabu ya kwenda haja kubwa. Tezi ya mwanadamu hukua kwa ndani, kandokando ya mrija wa mkojo, na ndiyo maana mzee wetu hushindwa kukojoa.

Hapa pana fumbo linalowachanganya wengi. Ikiwa testosteroni ndiyo huikuza tezi, kwa nini tezi hukua uzeeni, wakati homoni yenyewe inapungua? Jibu ni kwamba ndani ya tezi kimo kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, na hiyo hubaki nyingi katika tezi hata kama testosteroni ya kwenye damu imeshuka. Tena majaribio kwa mbwa yaliyochapishwa mwaka 1976 yalionyesha kwamba homoni za kiume zikiungana na estrojeni, ile homoni ya kike ambayo wanaume nao wanayo kwa kiasi kidogo, tezi hukua kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo anayeahidi kupandisha homoni ya kiume na kusinyaza tezi kwa chupa ile ile anadai jambo kubwa mno, naye anapaswa kutuonyesha ushahidi mkubwa.

Ushahidi wake, mara nyingi, ni panya. Hatuwasemi panya buku wa Morogoro, wanaofundishwa na APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa kifua kikuu na mabomu ya ardhini. Hao wana kazi yao na heshima yao. Tunawasema panya weupe wa maabara. Panya hao hudungwa testosteroni kwa majuma kadhaa hadi tezi ikue. Kundi moja hupewa dawa inayochunguzwa, jingine dawa inayojulikana kama finasteridi, jingine halipewi dawa. Mwishowe huuawa na tezi zao hupimwa kwa mizani. Sasa tezi ya panya imegawanyika katika vipande mbalimbali, wala haiubani mrija wa mkojo kama ya mwanadamu. Mizani yaweza kutuambia kwamba tezi imepungua uzito. Haiwezi kutuambia kwamba mzee wa Ulaya au Zombo ataamka mara moja badala ya tano.

Ndivyo ilivyo pia kwa upungufu wa testosteroni. Panya akihasiwa, homoni hiyo hutoweka karibu yote ndani ya muda mfupi sana, wakati kwa mwanaume hushuka polepole, pengine sehemu moja kwa mia kila mwaka baada ya ujana. Panya wa aina ya Brown Norway anakaribia zaidi hali yetu, maana homoni yake hupungua kwa uzee wenyewe. Nao nyani, wale wale tunaowaona kando ya barabara kuu ipitayo ndani ya hifadhi ya Mikumi, wametufundisha bila kuuawa. Katika eneo la Amboseli nchini Kenya, ambako nyani wa jamii hiyo wanafuatiliwa tangu mwaka 1971, watafiti hupima homoni kutoka katika kinyesi kilichookotwa chini. Mwaka 2011 walitangaza kwamba dume mkuu wa kundi ana testosteroni nyingi, lakini pia homoni za msongo nyingi kuliko dume anayemfuatia. Ukuu nao una gharama yake!

Kuhusu ruhusa, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417, inafundisha kwamba majaribio ya tiba kwa wanyama yanakubalika kimaadili yakibaki ndani ya mipaka ya busara na yakichangia kutunza au kuokoa maisha ya watu. Namba inayofuata inakataza kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ya lazima, maana kufanya hivyo kunavunja hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo mwaka 2015 katika Waraka wa "Laudato Si'". Tanzania nayo inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa maoni yetu, panya aliyeuawa ili tu chupa ipate maneno ya kubandikwa, pasipo nia yoyote ya kuendelea hadi kwa wagonjwa chini ya uangalizi, amekufa nje ya mipaka hiyo.

Hatusemi kwamba miti haina dawa. Gome la mti uitwao kitaalamu Prunus africana, unaoota katika milima ya Afrika Mashariki, limetumika Ulaya kwa tatizo hili tangu miaka ya 1960, hata biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa mwaka 1995 kwa sababu miti ilikuwa ikimalizwa. Majaribio yake kwa wanaume, mengi yakiwa madogo na mafupi, yalionyesha nafuu ya kiasi. Lakini hapo waliulizwa wanaume wenyewe jinsi wanavyokojoa.

Kwa akina baba, basi, na kwa UWAKA katika kila parokia: mkojo ukikataa kabisa, au ukitoka na damu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kijana anayetafuta mtoto asijidunge testosteroni ya dukani, maana homoni itokayo nje huzizima korodani na kupunguza mbegu. Aliyeandikiwa finasteridi asikate tamaa mwezi wa kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huhitaji miezi sita hivi kuonyesha kazi yake. Na siku atakapopimwa damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, amwambie daktari kwamba anaitumia, kwa sababu hushusha kipimo hicho karibu kwa nusu, na saratani yaweza kupita bila kuonekana.