Bima ya Mtu wa Tatu: Haki ya Aliyegongwa Pande Zote Mbili za Mpaka



Mtu anayegongwa na pikipiki barabarani hana nafasi ya kuuliza kama imesajiliwa Uganda au Kenya. Swali hilo huja baadaye, hospitalini, pale ndugu zake wanapotaka kujua ni nani atakayelipa. Jibu hutegemea kipande kimoja cha karatasi ambacho wengi wetu hukiona kuwa ni cha kumwonyesha askari tu, nacho ni cheti cha bima ya mtu wa tatu. Katika toleo hili tunaeleza maana ya bima hiyo na jinsi inavyovuka mpaka.

Sheria inadai nini

Nchini Uganda, bima hii ni ya lazima kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1989 inayohusu hasara zinazowapata watu wengine kutokana na vyombo vya moto. Nchini Kenya kuna sheria ya namna hiyo hiyo, Sura ya 405, ambayo asili yake ni miaka ya 1940. Zote mbili zinasema neno moja: asiwepo mtu wa kutumia gari au pikipiki barabarani, wala kumruhusu mwingine kuitumia, bila bima iliyo hai. Kwa hiyo mwenye pikipiki anayemkabidhi kijana aendeshe naye ana wajibu, hata kama yeye mwenyewe hakutoka nyumbani siku hiyo.

"Mtu wa tatu" ni yule asiyekuwa mwenye bima wala kampuni ya bima: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, au abiria aliyelipa nauli. Bima hii inahusu kifo na majeraha ya mwili. Haitengenezi pikipiki iliyoharibika, hailipi ng'ombe aliyegongwa, wala haimtibu dereva aliyesababisha ajali. Anayetaka kinga hizo hununua bima kubwa zaidi.

Jambo moja huwaponza wengi. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikibeba abiria kwa malipo, kampuni inaweza kukataa dai kwa hoja kwamba matumizi hayo hayamo katika mkataba. Mwendesha bodaboda na aseme wazi, anapokata bima, kwamba yeye hubeba abiria.

Kiasi kinacholipwa

Hapa ndipo nchi hizi mbili zinapotofautiana sana. Sheria ya Uganda ya 1989 iliweka ukomo wa shilingi 1,000,000 za Uganda kwa mtu mmoja na shilingi 10,000,000 kwa ajali nzima. Kenya iliweka ukomo wa shilingi 3,000,000 za Kenya kwa mtu mmoja. Kwa viwango vya kubadilishia fedha vya miaka ya karibuni, milioni moja ya Uganda haifiki hata elfu hamsini za Kenya.

Lakini ukomo huo ni wa kampuni ya bima. Deni la mwenye kosa halikomi hapo. Mahakama ikiamua kwamba aliyejeruhiwa anastahili zaidi, kiasi kinachobaki kinaweza kudaiwa kwa mwenye chombo na dereva wake. Asiye na bima kabisa hubeba mzigo wote peke yake, na mara nyingi kinachouzwa ni shamba la familia.

Unapovuka mpaka

Tuchukue mfano. Mwendesha bodaboda wa Nabuyoga anampeleka mfanyabiashara wa mahindi hadi Busia, upande wa Kenya. Bima yake ya Uganda ni halali, stika haijaisha. Akimgonga mtoto baada ya kuvuka, bima hiyo peke yake haimsaidii, kwa kuwa ilikatwa kwa ajili ya barabara za Uganda.

Dawa yake ni Kadi ya Njano ya COMESA. Itifaki iliyoianzisha ilitiwa saini mwaka 1986, na mpango ukaanza kufanya kazi mwaka 1987. Kadi hutolewa na kampuni ya bima ya nyumbani, juu ya bima ambayo tayari ipo, na humlinda mtu wa tatu kwa kiwango cha sheria ya nchi ambamo ajali imetokea. Hivyo mtoto wa Busia, Kenya, hulindwa kwa kiwango cha Kenya, hata kama pikipiki ni ya Uganda. Kadi hii hutumika pia Rwanda, Burundi, Kongo, na hata Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA. Asiye na kadi anapaswa kununua bima ya nchi anayoingia.

Anayepita njia za panya hukwepa ukaguzi, lakini hakwepi ajali.

Usajili na kusimamishwa kwake

Wapo wanaodhani kwamba namba za usajili zikiwa halali basi bima nayo ipo. Hivyo ni vitu viwili. Katika jimbo la New York, Marekani, kampuni ya bima huiarifu idara ya magari bima inapokoma, na usajili unaweza kusimamishwa. Uingereza, tangu 2011, humwadhibu mwenye gari lisilo na bima hata likiwa limeegeshwa, isipokuwa awe ametoa taarifa kwamba haliko barabarani. Kwetu, kosa ni kutumia chombo barabarani bila bima. Usajili haukomi wenyewe, na kwa hiyo namba za usajili si ushahidi wa bima.

Hata hivyo, chombo chenye namba za nchi jirani hukaa kwa kibali cha forodha chenye mwisho wake. Kibali kikiisha, chombo kinaweza kukamatwa. Na anayeuza pikipiki bila kuhamisha umiliki ajue kwamba ajali ikitokea, jina litakaloonekana kwanza katika daftari ni lake.

Ajali ikitokea

Kwanza, msaidieni majeruhi. Pili, andikeni namba za usajili, jina la dereva, jina la kampuni ya bima, na namba ya cheti au ya Kadi ya Njano. Mkiweza, pigeni picha kabla chombo hakijaondolewa. Tatu, toeni taarifa katika kituo cha polisi cha upande ambako ajali imetokea. Nchini Uganda majeruhi hupewa Fomu ya Polisi Namba 3 ili apimwe na daktari. Kenya kuna fomu ya P3 pamoja na abstrakti ya polisi. Nne, wasilisheni dai mapema. Ikiwa chombo ni cha kigeni chenye Kadi ya Njano, dai hupitia ofisi ya taifa ya mpango huo katika nchi ya ajali. Kwa Kenya ni Shirika la Bima Mtawanyo la Kenya, yaani Kenya Re.

Tunawasihi pia msikimbilie kumaliza jambo nyumbani kwa laki mbili na kupeana mikono. Mguu unaoonekana umeteguka leo unaweza kugunduliwa kesho kuwa umevunjika, na dereva wa upande wa pili ameshavuka. Wazee na wenyeviti wa LC wanaweza kupatanisha, lakini taarifa itangulie kituoni, kwa kuwa bila taarifa hiyo kampuni ya bima haina pa kuanzia.

Kabla ya kuwasha pikipiki kesho asubuhi, tazama tarehe iliyoandikwa kwenye cheti chako. Ukipanda kama abiria, una haki ya kumwomba dereva akuonyeshe.