Mkokoteni Bondeni Jangwani

Haya wanangu, tokeni nami Kariakoo tufuate Barabara ya Morogoro kwenda Magomeni. Tukishapita Faya, barabara inateremka hadi bonde la Mto Msimbazi. Hapo ndipo Jangwani, na jina lisiwahadae: mvua kubwa zikinyesha, maji hujaa mpaka barabara hufungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wengi wa bonde hili mpaka Mabwepande.

Mbele yetu vijana wawili wana mkokoteni wa matairi ya gari, umebeba magunia ya mahindi. Mmoja kashika mikono ya mbele, mwenzake katia bega nyuma. "Oya, pisha! Pisha!"

Wamesimama kidogo palipo tambarare, sasa wanataka kuondoka. Je, mkokoteni utachapuka kwa kiasi gani?

Tuseme mkokoteni na mzigo wake ni kilo 250. Uzito wake, tukizidisha kwa 10, ni niutoni 2,500. Juu ya lami kavu, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, msuguano ni kama sehemu 3 kwa 100 ya uzito huo: niutoni 75. Vijana kwa pamoja wanasukuma kwa niutoni 175.

Wengi hukimbilia kugawa 175 kwa 250. Hapana! Msuguano ni kama mtoza ushuru wa sokoni: huchukua chake kwanza. 175 toa 75, zinabaki 100. Hizo zilizobaki ndizo zinazochapusha mzigo. Isaac Newton alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1687: kani, yaani nguvu, iliyobaki igawe kwa tungamo, yaani zile kilo. 100 kwa 250 ni 0.4. Huo ndio mchapuko: kila sekunde inayopita, mwendo unaongezeka kwa meta 0.4 kwa sekunde. Baada ya sekunde 3 wamefikia meta 1.2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Wakiufikia hupunguza nguvu. Nani atakimbia na magunia kwenye foleni ile?

Sasa mbele yao maji ya mafuriko yamepita, yameacha tope. Tairi linazama, msuguano unapanda hadi sehemu 7 kwa 100: niutoni 175. Toa, inabaki sifuri. Sifuri haina maana kwamba mkokoteni umekwama: ukiwa tayari unakwenda, utaendelea kwa mwendo uleule. Balaa ni kusimama, kwa sababu kitu kilichotulia hudai nguvu zaidi kukiondosha. Ndiyo maana wakifika topeni utawasikia wakihimizana, "Usiachie, usiachie!"

Hawa wetu bajaji imewakatizia, wamesimama katikati ya tope. Wameamua kushusha gunia moja la kilo 100. Chukueni kalamu mpige hesabu: nguvu ileile, tope lilelile, wakishaondoka mchapuko ni kiasi gani? Jibu likija chini ya 0.4, rudieni kutoa.