Kocha mpya apewe mechi ngapi? Mabishano ya baraza na masikio ya watoto

Msimu wa 2025/26 umewapa mashabiki wa Michenzani kazi ya kutosha. Simba iliuanza na Fadlu Davids, akaondoka Septemba kwenda Raja Casablanca. Oktoba akaja Dimitar Pantev kutoka Bulgaria, Desemba akaachwa, na kabla ya mwaka kumalizika akatangazwa Steve Barker wa Afrika Kusini. Yanga nayo ilianza na Mfaransa Romain Folz, ikaachana naye Oktoba baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers ya Malawi, ikamleta Mreno Pedro Gonçalves aliyekuwa akiifundisha timu ya taifa ya Angola. Klabu mbili, makocha watano, na msimu haukuwa umefika nusu.

Mabaraza hayakulala. Chini ya yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, watu wakishatoka sala ya isha hukaa na kahawa na kashata, na kesi husikilizwa. Huyu anasema kocha hajui kupanga mabeki. Yule anasema apewe muda. Wa tatu anasema tatizo si kocha, ni usajili: wameletwa watu wa bei kubwa na mpira hawaujui. Hukumu hutoka usiku ule ule, na kesho yake kesi hufunguliwa upya.

Pembeni wapo watoto. Mmoja katumwa mkate, kapita na kusimama. Mwengine kaja kumwita baba, chakula kishapakuliwa. Hawaulizwi neno, lakini wanasikia yote, na wanachojifunza pale si mpira peke yake. Wanajifunza namna watu wazima wanavyompima mtu aliyeanza kazi juzi. Hilo ndilo la kuangaliwa na mzazi, awe ni wa Simba, wa Yanga au asiyejua hata kanuni ya kuotea.

Kesi ya Fadlu

Mfano mzuri hauko mbali. Fadlu Davids alipotangazwa Julai 2024, Simba ilikuwa imetoka kumaliza ligi katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Klabu ikaamua kuvunja kikosi na kujenga upya. Nahodha John Bocco akaondoka, beki Henock Inonga akaenda Morocco, na lililouma kuliko yote, Clatous Chama akahamia kwa watani wa jadi. Waliokuja walikuwa wageni machoni mwa wengi: Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, kipa Moussa Camara wa Guinea, Joshua Mutale wa Zambia, Steven Mukwala wa Uganda, Leonel Ateba wa Cameroon. Kocha mwenyewe alitoka kuwa msaidizi tu.

Mwanzo haukumsaidia. Agosti 8 alifungwa na Yanga 1-0 katika nusu fainali ya Ngao ya Jamii. Oktoba 19 akafungwa tena na Yanga, 1-0 kwenye ligi, kwa bao la kujifunga dakika za mwisho. Kwa shabiki wa Simba, kufungwa na Yanga mara mbili ndani ya miezi mitatu ni kesi isiyohitaji shahidi. Waliotaka aondoke walikuwa na hoja.

Kisha mambo yakaanza kukaa sawa. Simba iliongoza kundi lake katika Kombe la Shirikisho Afrika. Robo fainali ilifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, ikarudisha mabao yote mawili nyumbani, na Camara akawa shujaa wa mikwaju ya penalti. Nusu fainali ikaletwa Unguja. Aprili 20, 2025, pale New Amaan Complex, Ahoua alipiga mpira wa adhabu ukaingia, na Stellenbosch ya Afrika Kusini ikalala 1-0. Marudiano yakaisha 0-0.

Mei 25 fainali ya Afrika ikachezwa Amaan, mahali ambapo mtu wa Michenzani anaweza kwenda kwa miguu. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 na RS Berkane ya Morocco katika mechi ya kwanza. Mutale akafunga mapema, watu wakaanza kuamini. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Kombe likaenda Morocco. Lakini kikosi kilichoitwa cha kuokoteza kilikuwa kimecheza fainali, na Ahoua akamaliza ligi akiwa mfungaji bora kwa mabao 16.

Na Barker, ambaye msimu wa 2025/26 alipimwa kila usiku barazani, ndiye aliyekuwa kwenye benchi la Stellenbosch siku ile. Waliomzomea Aprili ndio walioambiwa Desemba kuwa ni mtu wao.

Lakini subira nayo haikushinda kila kitu

Ingekuwa rahisi kumwambia mtoto, “Unaona? Mvumilivu hula mbivu,” na kufunga mazungumzo. Tatizo ni kuwa msimu ule ule Yanga haikuvumilia, na ikala mbivu pia.

Miguel Gamondi alikuwa ameipa Yanga ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la Tanzania msimu wa 2023/24. Kombe hilo la pili lilipatikana hapo hapo Amaan, kwa penalti dhidi ya Azam. Novemba 2024 alifungwa mechi mbili za ligi mfululizo, na Azam kisha Tabora United, akaondolewa. Sead Ramovic akaanza kwa kufungwa nyumbani 2-0 na Al Hilal ya Sudan katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Hakufikisha miezi mitatu, akaenda zake Algeria. Miloud Hamdi akamalizia kazi: Juni 25, 2025 Yanga iliifunga Simba 2-0 na kuchukua ubingwa kwa mara ya nne mfululizo, na siku nne baadaye ikachukua Kombe la Shirikisho la Tanzania mbele ya Singida Black Stars, tena Amaan. Makocha watatu, makombe mawili.

Simba yenye subira haikupata kombe hata moja kati ya hayo makubwa.

Wanaofuata ligi ya Uingereza wana mizani kama hiyo. Alex Ferguson alianza kazi Manchester United Novemba 1986, na kombe la kwanza akalipata 1990. Kila shabiki anayeomba muda kwa kocha wake humtaja yeye. Lakini klabu hiyo hiyo ilimpa Ruben Amorim muda, ikamaliza msimu wa 2024/25 ikiwa ya 15, na Januari 2026 ikaachana naye. Muda peke yake haujengi timu, na haraka peke yake haiivunji.

Kwa hiyo mtoto anayesikia sauti moja tu, ile kubwa kuliko zote, anarudi nyumbani na nusu ya hesabu. Akisikia pande zote mbili na ushahidi wa kila upande, amepata somo ambalo skuli inalitafuta kwa miaka: kwamba watu wawili wenye akili wanaweza kutazama jambo moja, wakatofautiana, na kila mmoja akawa na la kusema.

Usajili si kwenda dukani

Watoto wengi hudhani mchezaji hununuliwa kama mkate: pesa ikiwepo, anakuja. Kisa cha Feisal Salum, Fei Toto, mtoto wa Unguja, kinafaa kusimuliwa kwao. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga mkataba ukiwa haujaisha. Shirikisho la soka likaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita bila ya kucheza, hadi Juni 2023 klabu zilipokubaliana akaenda Azam. Mtoto akiuliza kwa nini hakuondoka tu, hapo ndipo mzazi anapopata nafasi ya kueleza mkataba ni nini, saini inamfunga mtu vipi, na kwa nini mtu husoma kabla ya kutia saini.

Kuna somo la pili. Mchezaji mpya huingia nyumba ya watu. Chakula kingine, lugha nyingine, hali ya hewa nyingine, na mashabiki wanaomtaka afunge Jumamosi ya kwanza. Pale Michenzani zipo familia zilizohama kutoka Pemba au Tanzania Bara, na watoto wao wanaijua hali hiyo bila ya kufundishwa. Mtoto akimcheka mchezaji mgeni aliyekosa bao, aulizwe kwa upole: wewe wiki yako ya kwanza darasani ilikuwaje?

Maneno yanayorudi nyumbani

Utani wa Simba na Yanga ni raha ya mjini. “Kolo” na “Utopolo” hutamkwa na ndugu wa tumbo moja, na bado wanakula sahani moja. Utani una mpaka, na watu wazima wanaujua. Mtoto haujui mpaka aonyeshwe.

Kocha anapoitwa mwizi bila ya ushahidi, kipa anapotukaniwa mama yake kwa kosa moja, mchezaji anaposemwa kwa rangi au nchi yake, mtoto anaweka akiba. Maneno yale yale atamwambia mwenzake uwanjani, kisha mdogo wake, kisha mwalimu wake nyuma ya mgongo. Siku atakapoadhibiwa kwa tusi, atashangaa: mbona alilisikia kwa mtu anayeheshimiwa mtaani?

Jambo jengine ni mkeka. Mabishano mengi siku hizi huisha kwa simu kutolewa na dau kuwekwa. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Unguja, kamari ni haramu, na sheria ya Tanzania Bara inawakataza walio chini ya miaka 18. Hata hivyo simu ya mzazi hukaa mezani bila ya namba ya siri, na kijana wa miaka 15 anajua njia. Mzazi anayechana mkeka mbele ya mwanawe kila Jumapili, kisha akamkataza, atasikilizwa kwa heshima na hatafuatwa.

La kufanya

Hakuna haja ya kuwafukuza watoto barazani. Baraza limelea vizazi vya Unguja. Yapo mambo madogo ya kuyafanya:

• Muulize mtoto sababu. Akisema “kocha hafai”, mwambie ataje mambo mawili aliyoyaona kwa macho yake. Akitaja, msikilize hata kama timu yake si yako.

• Tenganisha kazi na mtu. “Kabadilisha vibaya dakika ya 70” ni hoja. “Hana akili” ni tusi. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa tofauti hiyo.

• Wekeni hukumu kwenye karatasi. Mwanzo wa msimu kila mmoja aandike usajili gani utafaa na upi hautafaa, karatasi ifungiwe kabatini. Ifunguliwe msimu ukiisha. Baba akikosea, acheke na kukiri mbele ya watoto.

• Mama asiachwe nje. Nyumba nyingi mama ndiye anayejua nani kalala na huzuni baada ya kufungwa, na nani kachukua bando la simu kutazama mabao badala ya kusoma. Akikaa kwenye mazungumzo, mtoto wa kike naye atajua mpira ni wake.

• Weka saa ya kumaliza. Mechi za Ulaya huchelewa, na skuli ya asubuhi haisubiri. Matokeo yatakuwepo kesho.

Ripoti ya muhula

Mwaka wa masomo Zanzibar huanza Januari, wakati mmoja na Kombe la Mapinduzi, na mara nyingi mashabiki huwa bado wanahesabu alama za kocha mpya. Mtoto naye ameanza. Darasa jipya, mwalimu mpya, pengine skuli mpya kabisa. Ripoti ya kwanza ikija mbovu, nyumba nyingi hutoa hukumu hapo hapo: mvivu, hana akili, angalia mtoto wa jirani. Mtu yule yule aliyesema jana usiku kuwa Barker apewe angalau mechi kumi, mwanawe hampi hata muhula mmoja.

Na kuna upande wa pili, ambao Yanga ya 2024/25 inaukumbusha. Kusubiri bila ya kuangalia si subira. Mtoto anayeshuka muhula hadi muhula hahitaji kuambiwa “atabadilika”. Anahitaji mzazi aende skuli, azungumze na mwalimu, aulize kama anaona ubaoni vizuri, kama analala vya kutosha, kama kuna anayemsumbua njiani. Klabu nzuri humtazama kocha wake mazoezini kila siku, haisubiri matokeo ya Jumamosi. Mzazi naye afungue daftari la mwanawe wiki ya tatu, ripoti ikiwa bado haijaandikwa.